Twende Tukalione Daraja la Nithi, Lakini Polepole

JE, msomaji mpendwa, umewahi kuvuka daraja mara ishirini bila kuliona hata mara moja?

Usicheke. Nairobi imejaa watu ambao kila Desemba hufunga mizigo, hukokota watoto hadi stendi ya matatu, huenda Meru kula Krismasi na wazee, kisha hurudi mjini Januari mifuko ikiwa imetoboka. Waulize Daraja la Nithi likoje. Wengi hawawezi kukueleza. Baadhi yao walikuwa wamelala. Wengine hawakuwa wamelala hata kidogo, ila walifumba macho makusudi walipofika pale.

Mimi pia nilikuwa miongoni mwa wafumba macho. Lakini kuna siku moja, nikisafiri kwa matatu kutoka Embu kwenda Meru, niliketi kando ya nyanya mmoja aliyepakata kiondo chake kama mtoto. Tangu Runyenjes mama huyo hakunyamaza. Alinipa habari za wajukuu, bei ya kahawa, na mbuzi aliyezaa mapacha. Tulipopita Chuka na gari likaanza kuteremka, akakatiza hadithi katikati ya neno. Nikageuka nikaona kwamba si yeye tu. Gari zima lilikuwa kimya. Utingo alipunguza sauti ya redio bila kuambiwa na mtu. Tukashuka, tukakata kona, tukavuka, tukaanza kupanda upande wa pili. Hapo ndipo nyanya alipovuta pumzi.

"Haya, tumefika," akasema.

"Lakini nyanya, Meru bado ni mbali," nikamwambia.

"Mjukuu wangu," akanijibu, "ukishavuka hapa, kwingine kote ni nyumbani."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikajiambia kwamba mahali panaponyamazisha matatu nzima ni lazima nirudi nikapatazame kwa macho yaliyo wazi. Leo ningependa wewe pia upange safari hiyo, pamoja na watoto wako au wanafunzi wenzako. Ila nakuonya mapema kwamba hii si safari ya kwenda kupiga picha na kurudi. Kuna jambo la kujifunza pale, na jambo lenyewe linaweza kuokoa maisha yako.

MLIMA NI KAMA MWAVULI

Kabla hujafunga safari, fanya jaribio dogo nyumbani. Chukua mwavuli, uufungue, uuweke sakafuni. Ile ncha ya juu ndiyo Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina urefu wa mita 5,199 kutoka usawa wa bahari. Zile mbavu zinazoteremka kutoka nchani ndizo migongo ya nchi, ambako watu wamejenga na kulima. Pale kitambaa kinapobonyea, kati ya ubavu na ubavu, ndipo mito ipitapo.

Sasa weka kidole chako upande mmoja wa mwavuli, karibu na ukingo, ukizunguke. Unaona? Kidole kinapanda ubavu, kinashuka, kinapanda tena, kinashuka tena. Kidole hicho ndicho barabara ya Embu hadi Meru. Barabara haifuati mto wala mgongo. Inaikata yote, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo sababu msafiri huhesabu mito mpaka akachoka: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu na mingine midogo katikati. Yote hutoka upande wa mlima, na maji yake huishia katika Mto Tana, ambao huyapeleka hadi Bahari Hindi kule Kipini.

Mito hii haikuwa maji tu kwa wazee wetu. Ilikuwa mipaka. Upande huu wa bonde watu walijiita Waembu, kule ng'ambo wakajiita Wachuka, mbele yao Wamuthambi, kisha Wamwimbi, Waigoji na Waimenti. Lugha zao ni za ukoo mmoja, lakini ukivuka bonde unasikia neno limegeuka kidogo na sauti imepanda au imeshuka. Bonde lenye kina kirefu ni kama ukuta. Mtu angeweza kuuona moshi wa jikoni kwa jirani ng'ambo, na bado ikamchukua nusu ya asubuhi kumfikia.

Mto Nithi wenyewe una asili ya kupendeza. Huanzia huko juu kabisa katika Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, chini ya majabali makubwa. Hupita katika korongo refu na kuanguka kwenye maporomoko ya Vivienne, yaliyopewa jina la Vivienne de Watteville, mwandishi aliyekaa mlimani humo mwishoni mwa miaka ya 1920. Wapanda mlima wanaofuata njia ya Chogoria huyaona hayo yote. Kisha mto huingia msituni, hutokea kwenye mashamba ya chai, hushuka hadi kwenye kahawa na migomba, ndipo hukutana na barabara yetu. Unapofika darajani, kumbuka kwamba maji unayoyaona huenda jana yalikuwa yakigusana na barafu.

BARABARA ILIYOBADILISHA SAFARI

Waulize wazazi wako au babu na nyanya zako jinsi walivyosafiri zamani. Watakwambia kwamba barabara ya zamani ya Embu na Meru ilikuwa ya udongo, yenye kona zisizohesabika, na mvua ikinyesha gari lilikuwa likilala matopeni. Wengi waliona afadhali wazunguke mlima mzima upande wa pili: Nairobi, Nyeri, Nanyuki, Timau, hadi Meru.

Katika miaka ya 1980 ndipo barabara ya lami ilipojengwa kutoka Thuci hadi Nkubu, pamoja na madaraja yake. Ghafla yale mabonde yaliyokuwa kuta yakawa milango. Mkulima wa ndizi angeweza kuvuna asubuhi na mzigo ukalala Nairobi. Mgonjwa angeweza kupelekwa hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa na Dkt. Clive Irvine wa Misheni ya Kanisa la Scotland mwaka wa 1922, bila kubebwa kwa machela kuvuka mabonde. Msichana wa Mwimbi angeweza kuolewa Embu na bado akaja kumwona mamake Jumapili.

Jina la mto lilikua pia. Mwaka wa 1992 wilaya ya Meru ilipogawanywa, sehemu hii ya kusini ikaitwa Tharaka-Nithi, na tangu 2013 ni kaunti. Ni mito michache ya Kenya iliyopata heshima hiyo.

Kwa hivyo ukisikia watu wakilitaja daraja hili kwa ubaya tu, wakumbushe mema haya. Daraja ndilo lililotuunganisha. Lakini pia hatuwezi kuficha ukweli wa pili.

MTEREMKO UNAOSAHAULISHA

Jumapili jioni, Julai 24, 2022, basi la abiria lililotoka Meru likielekea Mombasa lilifika kwenye daraja hili kwa kasi kubwa, likavunja kingo, likatumbukia bondeni karibu mita 40. Watu zaidi ya 30 walifariki. Maafisa waliozungumza na waandishi wa habari walisema huenda breki zilishindwa kufanya kazi. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Tangu barabara ifunguliwe, wakazi wamekuwa wakikimbilia bondeni na blanketi na tochi kila wanaposikia ule mlio, na baada ya msiba wa 2022 kilio cha kutaka sehemu hiyo ijengwe upya kilipaa kuliko awali.

Kila ajali ikitokea, hutakosa kusikia mtu akisema pale pana pepo, au mto unadai damu. Mimi siwakejeli wanaosali pale. Mahali palipofia watu ni mahali pa kusali. Lakini mwanafunzi anapaswa kuuliza swali moja zaidi: pepo huyo anafanyaje kazi?

Sugua viganja vyako viwili kwa nguvu, uhesabu hadi thelathini. Umesikia joto? Hivyo ndivyo breki zinavyofanya. Gari likiwa mbioni lina nguvu nyingi, na breki hulisimamisha kwa kusugua chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Nguvu ile haipotei. Inageuka kuwa joto. Kwenye tambarare dereva hukanyaga breki mara moja, zikapata moto, kisha zikapoa. Kwenye mteremko mrefu, dereva anayekanyaga breki bila kuachilia huzipasha moto juu ya moto. Zikishapata joto kupita kiasi, hazishiki tena kama kawaida. Dereva anakanyaga, gari linaendelea kwenda. Na kwa mabasi na malori yenye breki za upepo, dereva akikanyaga na kuachilia ovyo ovyo, upepo wenyewe unaweza kupungua mpaka usitoshe.

Sasa ongeza mambo mawili. La kwanza, barabara ni laini na pana, na mteremko haumtishi dereva mgeni. Hauoni kama ukuta wa mlima. Unaona kama barabara tu. Gari linajiongezea mwendo lenyewe, polepole, hadi dereva anashtuka. La pili, daraja liko chini kabisa, na huwezi kulifikia bila kukata kona. Yaani pale ambapo gari lina mbio kuliko mahali pengine popote, ndipo linapotakiwa kugeuka. Huyo ndiye pepo wa Nithi. Ana jina, na jina lake ni mwendo.

Dawa yake madereva wazee wanaijua: kuingia kwenye gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, si katikati. Injini ndiyo ilizuie gari, breki zisaidie tu. Na usithubutu kabisa kutoa gia ili gari liteleze bure kwa ajili ya kuokoa mafuta. Mafuta utakayookoa ni ya shilingi chache.

KUPANGA SAFARI

Haya, sasa tufunge mizigo.

Chagua majira. Januari na Februari ni miezi mizuri; mbingu huwa safi na asubuhi na mapema mlima hujionyesha wote kabla haujajifunika mawingu. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba kuna mvua, na lami huteleza. Julai ni baridi na ukungu, na ukungu kwenye mabonde haya hufunika kila kitu hata taa za gari lililo mbele yako. Majira yoyote utakayochagua, panga uvuke Nithi mchana. Usiku si wakati wa kutazama daraja, wala si wakati wa kuvuka ikiwa una hiari.

Ondoka mapema. Kutoka Nairobi hadi Chuka ni kilomita 180 na ushee. Usijipangie kufika saa ngapi. Jipangie kuondoka saa ngapi. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi utakuwa na siku nzima, na hutakuwa na sababu ya kumhimiza dereva. Kwa wanaosafiri kwa matatu, wasafiri wa Embu, Chuka na Meru kwa miaka mingi wamepandia magari yao Tea Room, mtaa wa Accra. Kagua gari kabla ya kulipa. Tazama magurudumu. Tazama kama kuna mkanda kwenye kiti chako na kama unafungika. Sheria za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye magari ya abiria, lakini sheria haimfungi mkanda mtu aliyeukalia.

Ikiwa unakwenda na gari lako, lipeleke kwa fundi siku kadhaa mbele, akague breki. Usimpelekee jioni ya kuamkia safari, atakwambia ziko sawa ili akalale.

Njiani kuna mengi. Ukiacha barabara kuu pale Makutano na kushika njia ya Embu, utaingia Mwea. Wape watoto upande wa dirisha waone mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na uwaambie kwamba mifereji ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya 1950, kwa nguvu za watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Mchele wa pishori wanaoula Jumapili una historia chungu. Mbele yake ni Embu, mji ulioanza kama kituo cha serikali ya kikoloni mwaka wa 1906. Hapo pumzikeni. Mnywe chai, mnyooshe miguu, dereva apumzike. Dereva aliyepumzika Embu ni dereva aliye macho Nithi.

Kuanzia Embu wape watoto daftari na kalamu. Kila mto wanaovuka, waandike jina lake. Mkivuka Thuci, waambie wametoka Embu na kuingia Tharaka-Nithi. Mchezo huu una faida mbili: watoto hawatauliza kila dakika kama mmefika, na dereva atakuwa na mashahidi wadogo wanaotazama barabara.

Jambo moja la kujihadhari nalo kwenye njia hii ni magari ya miraa. Hayo hutoka Meru yakikimbilia soko, na hayana muda wa kukungoja. Ukiliona moja kwenye kioo, mpishe. Usishindane na mtu ambaye mzigo wake unanyauka.

UKIFIKA

Sikiliza kwa makini sehemu hii, kwa sababu ndiyo yenye wageni wanaokosea.

Usisimamishe gari juu ya daraja. Usilisimamishe kwenye kona wala kwenye mteremko. Anayekuja nyuma huenda ndiye yule ambaye breki zake zimekwisha kupata moto. Piteni kwa utulivu hadi ng'ambo, panda bonde lote, au simameni kabla ya mteremko kuanza. Acheni gari mahali pasipo barabara. Mtafute mwenyeji. Watu wa hapa ni wakarimu, na mgeni akisalimia kwanza kabla ya kuuliza njia, atafika. Mwombe akuonyeshe mahali ambapo mtu anaweza kusimama kwenye shamba akaliona bonde. Shamba lina mwenyewe, kwa hivyo omba ruhusa, usikanyage miche ya mtu, na ukiondoka acha chochote cha shukrani. Watoto washikwe mikono, na asiwepo hata mmoja anayechezea kandokando ya lami.

Kisha tazama.

Utaona kwanza jinsi bonde lilivyo la kijani. Migomba, kahawa, migrivilea iliyonyooka kama walinzi, na kule chini kabisa mto ambao ukiusikiliza vizuri unaweza kuusikia kati ya gari na gari. Utaona daraja, na huenda ukashangaa kidogo. Si lile daraja kubwa ulilolifikiria. Halina minara wala nyaya kama ya kwenye kalenda. Ni saruji na vyuma, na magari yanalivuka kwa sekunde chache. Usivunjike moyo. Ukitazama daraja peke yake hutaona kitu. Tazama barabara inavyolifikia kutoka upande wa Chuka, kisha utazame inavyolifikia kutoka upande wa Meru. Yafuate magari kwa macho. Sikiliza lipi linalovuma kwa gia ya chini na lipi linaloteremka kimya kimya. Baada ya robo saa utaanza kumjua dereva bora na dereva mbaya kwa kusikia tu, hata kabla hajafika kwenye kona. Hakuna darasa la shule ya udereva linaloweza kukufunza hilo hivyo.

Na kabla hujaondoka, nyamazeni kidogo. Hapa watu waliaga dunia wakiwa njiani kwenda kazini, au kurudi shuleni, au kuona bahari kwa mara ya kwanza. Usiulize wenyeji wakuonyeshe alama za ajali kana kwamba ni maonyesho. Wao ndio waliobeba majeruhi mgongoni kupandisha bonde lile. Wakitaka kukusimulia, watakusimulia. Ukisikia simulizi, vua kofia.

UKIWA NA MUDA

Usirudi Nairobi siku hiyo hiyo kama unaweza kulala. Chuka ni mji wa wanafunzi siku hizi, chuo kikuu chake kikiwa kilipata hati mwaka wa 2013, na mahali pa kula hapakosekani. Agiza mukimo, au githeri, au ndizi za kupikwa na nyama. Ukiwa na bahati ukakuta sherehe, utawaona wapiga ngoma wa Chuka, wanaobana ngoma ndefu katikati ya miguu na kuipiga huku wakicheza. Hao si wa kusimuliwa.

Ukipanda Chogoria utaona mahali hospitali ilipoanzia, na jinsi chai inavyochukua nafasi ya kahawa kadiri unavyokaribia msitu. Ukiendelea mbele hadi Nkubu na kupita kidogo, utavuka ikweta. Watoto watapenda kusimama mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini. Na ukifika Meru mjini, jumba la makumbusho liko katika jengo la mawe lililokuwa afisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni.

Lakini usisahau kwamba utarudi. Na ukirudi, mteremko utakuwa mwingine, upande wa Meru. Huo ndio ulioshukwa na lile basi la 2022.

NENO LA MWISHO

Nimekwambia safari hii inaweza kuokoa maisha yako. Nieleze sasa namna gani.

Abiria wengi wa nchi hii hudhani kazi yao ni kulipa nauli na kukaa. Dereva akikimbia, tunashika kiti cha mbele na kuomba Mungu. Tunaona haya kusema. Tunaogopa utingo atatutukana, au abiria wenzetu watatucheka kwamba tunaogopa kama watoto. Ndiyo maana gari zima hunyamaza pale Nithi. Kila mmoja anaogopa peke yake.

Mtoto aliyesimama kando ya bonde lile akaelewa kwa nini breki hupata moto hataogopa tena kwa namna hiyo. Atajua anachokiogopa. Na siku moja, akiwa kijana mkubwa kwenye basi la usiku, mteremko ukianza na gari likiwa halijapunguza mwendo, atanyanyua sauti aseme, "Dereva, tafadhali punguza, ingia gia ya chini." Akishasema yeye, utasikia mama wa nyuma akisema pia. Kisha mzee wa mbele. Dereva anaweza kumpuuza abiria mmoja. Hawezi kulipuuza gari zima.

Nilipanda njia ile tena hivi majuzi. Tulipokaribia Nithi matatu ilinyamaza kama kawaida. Safari hii sikufumba macho. Nilimwinamia dereva nikamwambia taratibu, "Kaka, twende pole hapa." Akanitazama kwenye kioo, akatabasamu, akashusha gia. Injini ikanguruma. Tukavuka tukiuona mto.

Safari njema, msomaji. Polepole ndio mwendo, na Nithi ndipo methali hiyo ilipopata maana.